Kuacha sigara Kasongo: dawa haijafika, muganga yupo

Mgonjwa anayekohoa akifika kwenye kituo cha afya upande wa Kasongo, Wamaza au Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema nchini Kongo, maswali yanayomngoja yanajulikana. Umekohoa majuma mangapi? Makohozi yana damu? Usiku unatoka jasho? Nguo zimeanza kukupwaya? Nyumbani kuna mwingine anayekohoa? Muuguzi anaandika, kisha anamkabidhi kikopo cha plastiki chenye kifuniko na kumweleza kwamba yanayotakiwa ni makohozi ya kifuani, si mate ya mdomoni. Kikohozi cha majuma mawili au zaidi hushukiwa kuwa kifua kikuu mpaka maabara iseme vingine. Kanuni hiyo imekaa vichwani mwa waganga, na imeokoa watu wengi.

Swali moja aghalabu halimo: "Papa, unavuta sigara?"

Jibu lake halijifichi. Harufu iko kwenye shati, na vidole viwili vya mkono wa kuume vimegeuka manjano. Swali haliulizwi kwa sababu muuguzi anaona kwamba akishauliza atapaswa kusaidia, na msaada wenyewe hana. Kabatini kuna dawa za malaria, za minyoo, za kuhara, na zile za kifua kikuu zinazotolewa bure. Dawa ya kumsaidia mtu kuachana na tumbako haimo. Basi swali linaachwa, mgonjwa anaondoka na vidonge vyake, na hatua chache nje ya uzio ananunua sigara moja, anaiwasha kwa kibiriti cha gesi kilichofungwa kamba kwenye nguzo ya kioski.

Mimi nashikilia kwamba swali hilo liulizwe hata pale ambapo kabati ni tupu. Tena Kasongo ina sababu kuliko miji mingi ya Afrika ya kulianza.

Tuanze na mapafu yenyewe. Njia za hewa zimetandazwa vinyweleo vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo kazi yao ni kusukuma makamasi, vumbi na vijidudu virudi juu kooni vitemwe au vimezwe. Moshi wa tumbako unavipooza. Chini zaidi, kwenye vifuko vya hewa, kuna chembe za kinga zinazommeza bakteria wa kifua kikuu na kumfungia. Moshi unazidhoofisha nazo. Ndiyo maana mvutaji ana hatari zaidi ya mara mbili ya kuugua kifua kikuu kuliko asiyevuta. Akishaugua, uwezekano wa ugonjwa kumrudia baada ya kupona, au kumuua, unakuwa mkubwa zaidi. Na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni mojawapo ya nchi 30 ambazo Shirika la Afya Duniani linazihesabu kuwa na mzigo mkubwa kabisa wa ugonjwa huu.

Kusini mwa Maniema kuna jambo la tatu la kuongeza juu ya moshi na bakteria. Kabambare ni nchi ya dhahabu. Kule Namoya, karibu na Salamabila, kampuni ya Banro ya Canada ilianza kuzalisha dhahabu kwa biashara mwaka 2016, lakini kabla yake, wakati wake na baada yake, wachimbaji wadogo hawakuacha kushuka mashimoni na nyundo na patasi zao. Jiwe likipondwa hutoa vumbi la silika, na vumbi hilo likishatua ndani ya pafu halitoki. Mchimbaji anayevuta ana vumbi, moshi na bakteria katika kifua kimoja. Vumbi muganga hawezi kulitoa. Bakteria ana dawa ya miezi sita. Moshi ndio umebaki hauna mwenyewe: programu ya kifua kikuu haiushughulikii ipasavyo, mgodi hauushughulikii, na mvutaji anauona kuwa rafiki yake wa pekee saa ya njaa.

Neno hilo la njaa nalisema kwa uzito. Nikotini hupunguza hamu ya kula na humfanya mtu awe macho. Mtu aliyeingia shimoni alfajiri bila kitu tumboni anaijua kazi hiyo ya sigara kuliko daktari yeyote. Muuguzi anayemwambia "acha, ni mbaya" bila kuuliza anakula nini na saa ngapi amezungumza na mtu mwingine ambaye hayupo pale.

Mji uliofundisha dunia kufuata mgonjwa

Wengi wanaijua Kasongo kwa Tippu Tip, kwa soko la Nyangwe alilolishuhudia Livingstone mwaka 1871, na kwa vita vya 1893 vilivyouangusha utawala wa Waarabu na Waswahili mikononi mwa Wabelgiji. Nje ya taaluma ya afya, wachache wanajua kwamba katika miaka ya 1970 mji huu ulikuwa darasa. Wataalamu wa Chuo cha Tiba ya Magonjwa ya Kitropiki cha Antwerp, pamoja na waganga wa Kongo, walijaribu hapa jambo ambalo leo linaonekana la kawaida: vituo vidogo vya afya vilivyo karibu na watu, kila kimoja na wakazi wake kinaowahesabu kuwa ni wake, chini ya hospitali moja ya kupokea wagonjwa wanaokishinda. Kazi kubwa ya kutibu walipewa wauguzi, kwa maelekezo yaliyoandikwa, si madaktari ambao hawakuwapo. Kila familia ilikuwa na jalada lake kituoni, na mwenye ugonjwa wa muda mrefu alikuwa na kadi. Siku yake ikipita bila yeye kuonekana, kadi ilionyesha, na alitafutwa.

Mwaka 1981 jarida la Lancet la London lilichapisha utafiti wa kundi hilo la Kasongo kuhusu chanjo ya surua, na matokeo yake yakabishaniwa kwa miaka mingi. Lakini urithi mkubwa ni ule mpangilio. Katika miaka ya 1980 Zaire nzima iligawanywa kuwa zoni za afya, na leo nchi ina zaidi ya 500, Maniema peke yake 18. Kasongo, Kunda, Samba, Lusangi, Kabambare na Saramabila ni zoni za huku kusini. Vita, uporaji, makundi yenye silaha na miaka ya mishahara isiyofika vimeuchakaza mpangilio huo, lakini mifupa yake imesimama. Muuguzi mkuu wa kituo yupo. Kamati ya afya ipo. Wale wa kujitolea vijijini, ambao kila mtu huwaita reko, wapo.

Ninalirudia hilo kwa sababu uraibu wa tumbako ni maradhi ya kufuatwa hivyo hivyo. Hakuna sindano ya siku moja. Kuna mtu, tarehe, hatari ya kurudi nyuma, na mwingine anayekumbuka kuuliza tena.

Miaka hiyo hiyo ambayo Kasongo ilikuwa inajaribu kadi zake, daktari mmoja wa London, Michael Russell, aliwashawishi madaktari wa familia 28 wafanye jambo dogo mno. Wagonjwa 2,138 waliokuwa wakivuta waligawanywa makundi. Wengine hawakuambiwa kitu. Wengine waliambiwa tu waache, kwa dakika moja au mbili, kila daktari kwa maneno yake. Wengine waliambiwa, wakapewa kijikaratasi, na wakaelezwa kwamba wataulizwa tena baadaye. Matokeo yalichapishwa mwaka 1979. Baada ya mwaka mmoja, katika kundi lisiloambiwa kitu, walioacha na kudumu walikuwa asilimia 0.3. Katika kundi la mwisho walikuwa asilimia 5.1.

Asilimia tano inaonekana haba. Lakini fikiria muuguzi anayeona wavutaji 20 katika mwezi, kila mwezi, na kumpata mmoja anayeacha moja kwa moja, kwa gharama ya maneno. Hakuna dawa nyingi kabatini mwake zenye faida ya namna hiyo kwa bei ya namna hiyo. Mwaka 2024, Shirika la Afya Duniani lilipotoa kwa mara ya kwanza mwongozo wa tiba ya kuwasaidia watu wazima kuacha tumbako, ushauri mfupi wa kati ya sekunde 30 na dakika 3 uliwekwa kuwa kazi ya kila siku ya kila mtumishi wa afya.

Dakika tatu zenyewe

Zitumike namna gani? Wauguzi wengi wanajua kukemea, na kukemea hakumsaidii mtu. Mvutaji mwenye kifua kikuu tayari anaona haya. Ukimwongezea haya atakudanganya kuhusu sigara, na akishakudanganya kuhusu sigara atakudanganya kuhusu vidonge. Picha za mapafu meusi ukutani sizipingi, ila sijaona picha inayokaa na mtu saa nane za usiku usingizi unapomkataa.

Swali la kwanza liwe la kawaida, kwa sauti ile ile ya kuuliza umri na kijiji: "Papa, unatumia tumbako ya namna yoyote? Ya kuvuta, ya kunusa, ya kutafuna?" Likiulizwa kwa wote hakuna anayejiona amenyooshewa kidole. Kwa mama na bibi liulizwe pia. Huku mwanamke anayevuta hadharani ni nadra, lakini bibi mwenye kikopo chake cha ugoro ndani ya fundo la kitenge si nadra, na asipoulizwa hatasema.

Swali la pili ni la kupima kiasi, na hapa vitabu vya Ulaya vinamwacha muuguzi njiani. Vinamtaka aulize pakiti ngapi kwa siku. Sokoni Kasongo mtu hanunui pakiti. Ananunua moja asubuhi, mbili baada ya kula, nusu anayoachiwa na mwenzake. Ukimuuliza atakwambia "navuta kidogo tu", na hajasema uongo kwa jinsi anavyoona. Swali linalofaa zaidi ni hili: ukishaamka, unakaa muda gani kabla ya ile ya kwanza? Anayeiwasha ndani ya nusu saa, kabla ya kunawa uso, amefungwa na nikotini kwa nguvu, hata kama kwa siku anavuta nne tu. Huyo anahitaji kuonwa mapema na mara nyingi.

Kisha ushauri, kwa maneno yanayomhusu yeye. "Vidonge hivi vitaua vijidudu. Moshi unavipa nafasi ya kurudi. Ukiacha leo utapona vizuri zaidi, na mimi nitakusaidia." Halafu tarehe. Si "jaribu kupunguza". Tarehe yenyewe, iandikwe kwenye kadi, na mke au kaka aijue.

Baada ya hapo ndipo penye utajiri wa kazi ya muganga, na ndipo wengi wanapokatisha mazungumzo. Mgonjwa aelezwe yatakayompata. Siku ya pili na ya tatu ndizo ngumu kuliko zote: hasira bila sababu, kichwa kuuma, mikono kutotulia, usingizi kukatika. Kikohozi kinaweza kuongezeka kwa muda, maana vile vinyweleo vilivyopooza vinaanza kuamka na kusafisha. Asiyeonywa atasema, "Nilipokuwa navuta nilikuwa mzima, nimeacha nimeugua," na kijiji kizima kitamwamini. Aliyeonywa anajua kwamba hamu hupanda kwa dakika chache kisha hushuka, na kwamba ndani ya majuma mawili hadi manne sehemu kubwa ya taabu hiyo huwa imepita. Maji, kutembea, karanga au kipande cha muwa cha kuushughulisha mdomo, kukaa mbali na kioski kwa siku za kwanza: ni mambo madogo, lakini mgonjwa ayapange kabla, si wakati hamu imeshampanda.

Kasongo ni moja ya miji mikongwe ya Uislamu nchini Kongo, na Ramadhani ni nafasi ambayo vituo vya afya haviitumii inavyostahili. Karibu na ikweta saumu huchukua kama saa 13. Nikotini mwilini hupungua kwa nusu kila baada ya saa mbili hivi, kwa hiyo inapoadhiniwa magharibi damu ya mfungaji imebakiwa na kiasi kidogo sana. Mvutaji anayefunga mwezi mzima ameonyesha kwamba anaweza kukaa mchana kutwa bila sigara, siku 29 au 30 mfululizo. Tatizo ni kwamba anaiwasha baada ya futari, hivyo mwili hauvuki ile siku ya pili na ya tatu. Kila jioni unarudishwa mwanzo. Muuguzi na imamu wakikubaliana kabla ya mwezi kuandama, muumini aambiwe kwamba nia ya mchana aiendeleze usiku kwa siku hizo tatu za mwanzo, nusu ya mlima inakuwa imepandwa. Wakristo wana Kwaresima yao, na Kasongo ni makao ya jimbo Katoliki. Wakimbangu wao tumbako wamekatazwa na imani yao tangu zamani, na wanaweza kuwa majirani wema kwa anayejaribu.

Yanayomkwamisha muganga

La kwanza ni dawa, tulisema. Plasta na chingamu za nikotini ziliingia kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2009. Vareniklini na bupropioni ziliingia mwaka 2021. Mwongozo wa 2024 unazitaja zote na kuongeza sitisini, dawa inayotokana na mmea, iliyokuwa ikitumika Bulgaria tangu miaka ya 1960 na ambayo dozi yake huisha kwa siku 25. Plasta na wenzake huongeza uwezekano wa kuacha kwa karibu nusu juu ya juhudi ya mtu peke yake. Shirika hilo hilo lilisema mwaka 2024 kwamba kati ya watumiaji bilioni 1.25 wa tumbako duniani zaidi ya asilimia 60 wanataka kuacha, na asilimia 70 ya watumiaji hawana njia ya kupata msaada unaofaa. Mchimbaji wa Kabambare yumo ndani ya hesabu hiyo. Kutoka Kindu hadi Kasongo ni zaidi ya kilomita 200 za udongo, na mvua zikianza kunyesha hata pikipiki hulala njiani. Dawa ambayo haikuagizwa Kindu, mji mkuu wa jimbo, haiwezi kufika kwa bahati.

La pili ni fedha, na hili linauma zaidi kwa sababu halizungumzwi. Kituo cha afya Kongo kinaishi kwa ada ya mgonjwa. Wauguzi wengi hawapati mshahara wa serikali, au wanapata posho isiyotosha, na kinachogawanywa mwisho wa mwezi ni kile kilichoingia kituoni. Mtu mwenye homa atalipa. Mtu asiye na maumivu, anayetaka tu kuongea kuhusu sigara, hatalipa franka zake, na muuguzi mwenye watoto wa kulisha hana cha kumfanya ampe muda wake. Siwezi kumlaumu muuguzi huyo. Mpango wowote utakaomtaka afanye kazi mpya bila kumpa kitu utaandikwa kwenye ripoti na hautafanyika.

La tatu ni muuguzi anayevuta mwenyewe. Yupo, na mara nyingi ni mtu hodari aliyezoea zamu za usiku. Uingereza, ambako mwaka 1951 Richard Doll na Austin Bradford Hill walianza kuwafuatilia madaktari ili kuona sigara inawafanya nini, madaktari ndio waliotangulia kuacha, kisha wananchi wakafuata. Muuguzi anayevuta husita kuuliza kwa kuwa anaogopa swali litamrudia. Zoni inayotaka kuanza kazi hii ianze na watumishi wake: isaidie wale wanaotaka kuacha, na pasiwe na moshi ndani ya uzio wa kituo. Sheria iko upande wake. Kongo iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbako mwaka 2005, na sheria ya afya ya umma ya tarehe 13 Desemba 2018 imeleta masharti yake kuhusu tumbako. Kifungu cha 14 cha mkataba kinaitaka nchi iwasaidie watu kuacha. Cha 16 kinataka nchi zijitahidi kuzuia uuzaji wa sigara moja moja. Sigara moja moja ndiyo biashara yote ya kioski. Mtu aliyekaa siku nne bila kuvuta hahitaji bei ya pakiti ili aanguke. Anahitaji noti moja ndogo na dakika moja ya udhaifu.

Kuna bangi pia, inayochanganywa na tumbako au kuvutwa peke yake, na mgonjwa anaificha kwa hofu ya kukamatwa. Hapa muuguzi aseme wazi kwamba anachoandika ni cha matibabu. Akionekana kama polisi, amempoteza mgonjwa. Na kuna wenye bunduki. Kabambare imeona miaka ya mapigano na makundi ya Mai-Mai, na mtu akiingia kituoni na silaha, muuguzi huchagua maneno yake kwa uangalifu. Sidai kwamba amuulize kila mtu kila kitu.

Mwezi wa pili

Kati ya vikwazo vyote, ambacho ningependa wasomaji wakikumbuke ni kile kinachokuja wakati mambo yanakwenda vizuri.

Tiba ya kawaida ya kifua kikuu ni miezi sita. Miwili ya kwanza ni ya dawa nne, minne inayofuata ni ya dawa mbili. Mwanzoni mgonjwa ni dhaifu, kifua kinawaka, sigara yenyewe haina ladha. Wengi huacha wenyewe bila kuombwa. Kufikia mwezi wa pili homa imekwisha, hamu ya chakula imerudi, uzito umepanda, makohozi yamepimwa na hayana vijidudu. Mtu anajiona amepona. Anarudi shimoni au sokoni, marafiki wanampokea kwa pombe ya lutuku, na mmoja anamnyooshea sigara kama ishara ya kumkaribisha tena kati ya watu. Anaipokea. Hakuna aliyemwambia kwamba siku hiyo ingekuja.

Muganga anaijua siku hiyo kabla yake. Kadi ya kifua kikuu tayari ina miadi: makohozi hupimwa mwanzoni, kisha mwezi wa pili, wa tano na mwisho wa sita, na katikati mgonjwa huja kuchukua vidonge vyake. Ni magonjwa machache mengine ambayo kwayo mvutaji mwanamume, ambaye kwa kawaida hakanyagi kituoni, hulazimika kuonana na mtu yule yule wa afya mara nyingi hivyo kwa nusu mwaka. Mwaka 2010 shirika la kimataifa la Union, ambalo limepigana na kifua kikuu kwa karne nzima, lilitoa mwongozo wa kuunganisha kazi hizi mbili: uliza, shauri kwa ufupi, saidia, kwenye meza ile ile ya kifua kikuu. Hauhitaji jengo wala idara. Unahitaji mstari mmoja kwenye kadi: anavuta, ameacha, amerudi. Mstari huo ujazwe kila anapochukua vidonge, na kwa uangalifu zaidi mwezi wa pili.

Aliyerudi asifukuzwe kwa maneno. Wavutaji wengi walioacha kabisa walijaribu mara kadhaa kwanza. Muuguzi amuulize alikuwa wapi, na nani, alikuwa amekula au la, kisha waweke tarehe nyingine kabla hajaondoka. Reko wa kijiji, anayepita nyumbani kuona kama vidonge vinamezwa, aulize na hilo. Mke anayejua tarehe ya kuacha ana nguvu kuliko bango lolote, na ni haki yake kusema pia kwamba moshi usiwe ndani ya nyumba wanamolala watoto, maana mapafu ya mtoto aliye chumba kimoja na mgonjwa wa kifua kikuu tayari yako hatarini.

Ningeomba waganga wakuu wa zoni hizi za kusini waanze na hilo la mstari kwenye kadi, mwaka huu, wakiwa wanaidai Kindu na Kinshasa plasta na vareniklini kwa barua zenye hesabu za wavutaji wao. Barua yenye hesabu hujibiwa mapema kuliko malalamiko. Wanaofadhili kifua kikuu nao waongeze kidogo kwenye posho ya muuguzi kwa kila mvutaji aliyefuatwa hadi mwezi wa sita, ili kazi hiyo isitoke kwenye chakula cha watoto wake.

Na wewe unayesoma, ukiwa na mgonjwa wa kifua kikuu nyumbani, nenda naye siku ya kuchukua vidonge. Mwambie muganga kwamba anavuta, hata kama hajauliza, na muondoke pale mkiwa na tarehe.